Jiko la Bibi

Kuna michezo ya kompyuta isiyo na picha hata moja. Skrini inakuandikia tu: uko jikoni, moto umezimika, kuna mlango upande wa mashariki. Ukitaka kutoka unaandika herufi e, na maandishi mengine yanakuja. Herufi n ni kaskazini, s kusini, w magharibi, l ni kutazama hapo ulipo. Wachezaji huuita MUD. Wa kwanza ulitengenezwa mwaka 1978 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw na Richard Bartle.

Utamu wake ni kwamba hauko peke yako. Humo jikoni unaweza kumkuta mtu aliyeko nchi nyingine kabisa, naye anasoma kwamba umeingia. Mkisalimiana, mnasalimiana hapo hapo.

Mimi niliupenda kwanza juu ya bei, maandishi hayali MB kama video. Tena kijana asiyeona anacheza sawa na wenzake, simu ikimsomea kwa sauti. Shida ni lugha. Mingi ni ya Kiingereza, na vijana ninaokutana nao Bwera nikitoka Kasese, wale waliovuka pale Mpondwe, wamesoma kwa Kifaransa.

Basi tukaucheza kwa karatasi. Kila mmoja akaandika chumba chake kwa Kiswahili, Kinande au Lhukonzo (hizo mbili zinasikilizana, hakuna aliyehitaji mkalimani), na milango yake inaelekea wapi. Karatasi tukazipanga sakafuni. Ukiingia chumba cha mwenzako unaandika unachofanya, unasoma kwa sauti.

Msichana mmoja aliandika jiko la bibi yake. Sombe iko motoni, paka amelala kwenye majivu, mlango mmoja unaenda shambani. Watu waliingia, wakaomba chakula, wakatoka. Halafu mvulana mmoja akaingia na kusoma: "Watu wenye mapanga wanaingia."

Msichana alisimama akatoka nje. Hakuna aliyecheka.

"Yaya, ni mchezo," mvulana akaniambia. "Ni maneno tu."

Nikawasimulia habari ya LambdaMOO, dunia ya maandishi iliyoanzishwa mwaka 1990 na Pavel Curtis, mfanyakazi wa Xerox kule California. Mwaka 1993 mtu aliyejiita Mr. Bungle aliingia sebuleni, mahali wanapokusanyika watu, akatumia programu ndogo kuwaandikia wengine matendo machafu ya ngono, ionekane wanayafanya wenyewe. Hakuna aliyeguswa mwili. Lakini Julian Dibbell, aliyekiandika kisa hicho katika gazeti la Village Voice la New York, anasema mmoja wao alikuwa akitokwa na machozi wakati anaandika malalamiko yake. Wenyeji wa dunia ile walifanya mkutano, wakabishana saa nyingi, wasikubaliane. Mwishowe msimamizi mmoja akamfuta yule mtu kwa uamuzi wake mwenyewe, na baadaye Curtis akaleta utaratibu wa watu kupiga kura.

Vijana walikishika hicho kuliko nilivyotegemea. Mmoja akauliza: kama chumba kimetengenezwa kwa maneno, mtu akiingia na maneno ya mapanga, si amekuja na mapanga? Mwingine akakataa. Vita ni yetu sote, alisema, tukikatazwa kuiandika tutaandika nini, maua? Mimi naona wote wawili walikuwa na haki, na ndiyo maana sikukata shauri. Walipiga kura: vita unaiandika chumbani kwako. Kwa mwenzako unabisha hodi kwanza, na unasema umebeba nini.

Msichana alirudi wiki iliyofuata. Akaomba karatasi yake, akaongeza mstari mmoja: mlango wa shambani una komeo, kwa ndani.

Mvulana amebisha hodi mara mbili. Mara ya pili alisema amebeba kuni. Bado hajajibiwa.