Mshkaji Wangu wa Singida Anayekula Upepo Paje, na Status Niliyoiweka

Leo sina umbea wa msanii. Nina umbea wa mshkaji wa mtaani kwetu, na safari hii aliyezingua ni mimi mwenyewe.

Jina simtaji. Wa Singida mjini mtamjua tu, maana kwetu huwezi kupita stendi na rasta zilizopauka ncha kwa jua na chumvi watu wasigeuke. Tulimaliza fomu foo pamoja. Mimi nikabaki na simu na bando, yeye akapanda basi la Dar, akavuka na boti hadi Unguja, akaishia Paje. Alikuwa anatafuta ulinzi wa hotelini. Nafasi hakuna, akaambiwa kama ana nguvu abebe kaiti.

Kaiti ni kishada, ila kishada cha kumbeba mtu mzima. Unakijaza upepo kwa pampu, kamba zake ndefu zinakuja mpaka kwenye mkanda uliojifunga kiunoni, miguuni una ubao, halafu upepo unakuburuza juu ya maji. Ukiwa fundi unaruka juu kama umetupwa na kitu. Mshkaji alianza kwa kubeba na kupiga pampu, akajifunza jioni wageni wakishaondoka, sasa hivi ni mwalimu. Kutoka Singida! Mkoa ambao maji ya chumvi tunayajua kwa Ziwa Singidani na Kindai tu.

Sasa mimi. Mwaka juzi nilipata picha yake yuko ufukweni na mama mmoja wa kizungu, wote wamelowa, mama kamshika bega anacheka. Sikuuliza mtu. Nikaiweka status WhatsApp: "Wa kwetu kashapata mlezi." Watu wakapiga skrinishoti, ikaingia kwenye group la fomu foo, ikatoka huko, ikafika sokoni anakouzia vitunguu mama yake. Mama yake aliulizwa na mteja, mbele ya wenzake, kama mkwe ana umri gani.

Hilo nililisikia wakati ule ule. Nikacheka, daah.

Mwezi wa tano mwaka huu jamaa karudi. Huo ndio msimu wake wa kupumzika. Paje inakula pepo mbili: kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Machi hivi, na kusi inayokaza kuanzia Juni. Katikati ni masika, mvua, wageni wachache. Na huku kwetu mwezi wa tano mvua imeshakata, asubuhi baridi inauma masikio, alizeti imekauka shambani inasubiri mikono. Kiukweli hakuna wakati mzuri wa kuwa Singida kama huo. Unakula kuku wa kienyeji, unaota jua juu ya mawe makubwa kama mjusi, jioni unavaa sweta. Nilimkuta mara ya kwanza kakaa juu ya jiwe nyuma ya kwao, anakula mahindi ya kuchoma. Nikajua atanipiga.

Hakunipiga. Alisema, "Kaka, yule alikuwa mwanafunzi wangu. Siku tano anaanguka, siku ya sita ndiyo akasimama kwenye ubao. Hiyo picha ni ya siku ya sita." Akaendelea na mahindi yake. Nilitamani angenitukana tu.

Nikamuuliza nifanye nini. Akasema niende kwa mama.

Nikaenda, wamehamia shambani kwa ajili ya alizeti. Shikamoo mama, marahaba, akanipa fimbo. Sikuelewa kama ni adhabu au kazi. Ilikuwa kazi. Tulipiga vichwa vya alizeti siku nzima, mimi na mshkaji, mikono yangu ya kubonyeza simu ikatoka malengelenge. Ilipofika kupepeta mama akasimama na ungo, hamwagi. Anasubiri. Mtoto wake naye kainua uso, anasubiri vilevile. Kisha wote wawili wakasema kwa pamoja, "Sasa." Mama akamwaga, makapi yakaruka upande, mbegu zikashuka kwenye turubai.

Nikamwambia mama kwamba mwanae kazi yake ndiyo hiyo, kusoma upepo. Akanijibu, "Wewe uliniambia kazi yake ni nyingine." Kimya. Nikaomba msamaha pale pale, na fimbo mkononi. Akasema basi, pepeta.

Jumapili jamaa akatoa kwenye begi kaiti ndogo ya mazoezi, tukashuka Singidani. Upepo wa Singida mnaujua, ukivaa kofia shika. Watoto walijaa kama kuna mechi uwanja wa Liti. Mmoja akamwambia aingie majini awaonyeshe. Akakataa: ubao hana, maji mafupi, halafu mle kuna nyavu za wavuvi. Paje akina mama wanalima mwani kwenye maji hayo hayo wanayochezea wageni, wameanza tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, kabla kaiti hazijajulikana huko. Alisema somo la kwanza analompa mgeni ni asipite juu ya kamba za mwani za watu. Basi akarushia nchi kavu, heroe kule mbali wametulia kama pazia la pinki.

Mzee mmoja akauliza huu ni mchezo gani, una medali? Kwetu mchezo ni kukimbia, tena tangu Alphonce Simbu wa Mampando, Ikungi, achukue dhahabu ya dunia ya marathoni pale Tokyo mwaka 2025, kila mtoto anakimbia. Mshkaji akajibu, "Una ada ya shule ya wadogo zangu wawili, mzee." Mama yake alikuwepo. Alishika ile kaiti kidogo, ikamvuta hatua mbili, akaiachia huku anashika kanga yake, anacheka.

Katikati ya Juni akaondoka, kusi imeanza. Kwenye basi alibeba kuku wawili na dumu la mafuta ya alizeti.

Status ile ilifutika yenyewe baada ya saa 24, skrinishoti hazifutiki. Juzi nimeikuta kwenye group lingine kabisa, watu wasiomjua wanaicheka. Nikaandika chini yake: huyo mama ni mwanafunzi wake, aliyezusha ni mimi. Tiki za bluu zikajaa, kimya. Mmoja tu ndiye aliyejibu, akauliza hiyo kazi wanalipaje na kama nafasi zipo.