Kabla Hujafomati Hiyo Laptopu, Toa Draiva Kwanza

Wacha niseme kitu ambacho mafundi wengi hawatakwambia, na si kwa ubaya, ni vile tu hakuna anayewauliza. Siku ya kupeleka laptopu iwekwe Windows mpya, kila mtu anakumbuka picha. Anakumbuka CV, anakumbuka video za harusi ya dada yake. Hakuna anayekumbuka draiva. Halafu mashine inarudi nyumbani inang'aa kama sufuria mpya, unaifungua, haina Wi-Fi. Haina sauti. Maandishi kwenye skrini yamekuwa makubwa kama ya kitabu cha nasari. Na dawa ya hayo yote iko kwenye intaneti, mahali ambapo mashine yenyewe sasa haiwezi kufika.

Mimi msimamo wangu ni huu: kuhifadhi draiva si mambo ya wataalamu. Ni mambo ya pesa. Na anayehitaji kuyajua zaidi si yule wa ofisi yenye intaneti ya kebo mezani. Ni mimi na wewe tunaonunua bando ya siku tukiomba isiishe kabla ya saa nne usiku.

Kwanza tuelewane draiva ni nini, juu jina lenyewe linachanganya. Kwetu dereva ni yule wa matatu. Draiva ya kompyuta haiendeshi kitu, afadhali ungeiita mkalimani. Mfikirie susu, ambaye lugha yake ni Kikamba tu, amekaa mbele ya daktari mgeni. Susu anajua vizuri panapouma. Daktari anajua kazi yake. Lakini mjukuu asipokuwa hapo katikati, hakuna matibabu. Kadi ya Wi-Fi iliyo ndani ya laptopu yako ndiyo susu, Windows ndiyo daktari, draiva ndiyo mjukuu. Ukifomati, susu yuko, daktari mpya ameingia, lakini mjukuu umemfukuza. Ndio maana mtu anaambiwa "Wi-Fi imeungua" na kumbe haijaungua kitu.

Kusema ukweli, Windows huja na wakalimani wake wengi. Kibodi itafanya kazi, maus itafanya kazi, flashi itasomeka, na skrini itaonyesha kitu hata kama ni kwa kubahatisha. Lakini kuna zile draiva zilizoletwa na kampuni iliyotengeneza mashine, iwe HP, Dell au Lenovo: za skrini, sauti, Wi-Fi, Bluetooth, kamera, ile padi ya kidole. Hizo zinakaa kwenye diski pamoja na Windows ya zamani. Diski ikifutwa, zinaenda nayo.

Na huu ndio msimu wenyewe. Microsoft walimaliza kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inataka TPM 2.0, na kama prosesa ni ya Intel, iwe ya kizazi cha 8 kwenda juu. Sasa angalia laptopu zetu. Nyingi ni ex-UK. HP EliteBook 840 G3, ambayo ukiingia duka lolote la mitumba ya laptopu hukosi kuiona, ni kizazi cha 6. Kwa hivyo kila mtu anafomati kitu: kuna anayelazimisha Windows 11 kwa njia za pembeni, kuna anayerudi Windows 10 safi, kuna aliyeamua kujaribu Linux.

Sasa ex-UK ina shida moja ambayo laptopu ya dukani haina. Haikuja na boksi, haikuja na diski ya draiva, na huwezi kuwa na uhakika kwamba kilichomo ndani ndicho kilichotoka kiwandani. Mtu huko nyuma anaweza kuwa amebadilisha kadi ya Wi-Fi ya Intel akaweka ya Realtek. Ukienda kwenye tovuti ya kampuni na kuandika jina la modeli, unaweza kupakua draiva ya kadi ambayo mashine yako haina. Bando imeliwa, Wi-Fi bado. Lakini mashine ikiwa bado inafanya kazi, draiva zilizomo ndani ni zile hasa zinazoelewana na hicho kifaa. Zimeshajaribiwa, hazihitaji kukisia. Kuziacha zifutwe ni kutupa kitu ulichokwisha kukilipia.

Nikiongea mambo ya gharama kuna watu hucheka. Ati draiva ni bure. Sawa, draiva ni bure. Lakini kaa Kyumbi uone. Hapa ni makutano, barabara ya Mombasa inapogawanyika na ile ya kuingia Machakos. Kila kitu kinapita mbele yetu: malori, mabasi, mitungi ya gesi. Hata intaneti yenyewe ya nchi, tangu nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zifike Mombasa mwaka 2009, inaingilia upande huo huo wa pwani. Mbele kidogo ukielekea Mombasa kuna Konza, jiji la teknolojia ambalo Rais Kibaki alizindua ujenzi wake Januari 2013, na kituo cha data cha taifa kiko huko. Najivunia, sitanii. Lakini nikitaka kupakua draiva ya sauti nikiwa nyumbani, ninalipa kwa megabaiti. Draiva ya Wi-Fi peke yake ni makumi ya megabaiti. Ya sauti inaweza kufika mamia. Ya skrini ndiyo usiulize. Ukiongeza nauli ya kwenda mjini kutafuta fundi na kurudi, hiyo "bure" imekuwa chakula cha siku mbili.

Na si pesa ya draiva tu, ni pesa ya kazi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, mambo ya karo, sitaki kuyarudia. Tangu hapo laptopu ndiyo darasa na ndiyo ofisi. Siko peke yangu. Jirani yangu mmoja, dada ambaye tumelingana umri, anafanya transkripsheni: anasikiliza sauti za watu wa ng'ambo na kuziandika. Laptopu ilianza kuwa nzito akaipeleka mjini ifomatiwe. Ikarudi haina Wi-Fi, haina sauti. Mara nyingi Windows huleta sauti yake ya dharura, kwake haikuleta. Akampigia.

"Fundi, mbona hii mashine haitoi sauti?"

"Madam, si uliniambia niweke Windows? Windows si hiyo?"

Na ukiangalia vizuri, jamaa hakudanganya. Aliitwa kuweka Windows, akaweka Windows. Hakuna mtu aliyetaja draiva, si yeye, si mteja. Alikuwa na kazi ya kurudisha jioni ile ile. Tulikaa na simu yangu, tukasoma namba za vifaa moja moja, tukapakua, na ilipofika usiku sauti ikatoka. Lakini saa ya kazi ilikuwa imeshapita na kazi yenyewe imepewa mtu mwingine. Kwenye hizo kazi za mtandaoni ukichelewa si siku ile tu unapoteza. Jina lako linashuka, na wiki ijayo kazi nzuri zinaenda kwa wengine. Dakika kumi za kuhifadhi draiva zingezuia hayo yote.

Dakika kumi, ndio. Hauhitaji kununua programu. Windows 10 na 11 zina kifaa chao ndani. Chomeka flashi, fungua folda mpya humo uiite draiva. Bonyeza Start, andika cmd, bonyeza kulia uchague Run as administrator. Kama flashi yako ni E, andika hivi:

pnputil /export-driver * E:\draiva

Basi, ngoja imalize. Itanakili draiva zote ambazo hazikuja na Windows yenyewe, kila moja kwenye folda yake. Mara nyingi ni gigabaiti moja hadi tatu, na ya skrini ndiyo inakula nafasi kubwa. Hakikisha folda haiko kwenye diski inayoenda kufutwa. Na kama ni flashi ile ile utakayotumia kuweka Windows, tengeneza flashi ya Windows kwanza, ndipo uweke draiva. Ukianza na draiva, zitafutwa wakati flashi inatengenezwa.

Ukishamaliza kuweka Windows mpya, rudi kwenye cmd ya administrator uandike:

pnputil /add-driver E:\draiva\*.inf /subdirs /install

Angalia kwanza flashi imepewa herufi gani, siku hiyo inaweza kuwa D au F. Kisha zima uwashe. Kama maandishi meusi yanakuogopesha, ingia Device Manager, tafuta kifaa chenye alama ya njano, chagua Update driver, umwelekeze kwenye hiyo folda. Atatafuta mwenyewe.

Kuna watu wana pingamizi na nataka kuwajibu kwa heshima.

Wa kwanza atasema, "Si uunganishe simu na kebo ya USB?" Ni kweli, na ni ujanja mzuri wa kukutoa shimoni. Simu nyingi za Android zikiunganishwa hivyo, Windows inapata intaneti bila draiva ya Wi-Fi. Lakini Windows iliyowekwa sasa hivi ina njaa. Ikiona intaneti tu, inaanza kujipakulia masasisho yake, na bando yako inaisha kabla hata hujafungua tovuti ya draiva. Ukitumia njia hiyo, nenda mapema kwenye mipangilio uiambie kwamba hiyo ni laini ya kupimiwa, upande ule wa "metered".

Wa pili atasema kuna programu za kutafuta draiva zote kwa bonyezo moja. Ziko nzuri, lakini nyingi zimejaa matangazo, na nyingine zinakuingizia vitu ambavyo hukuagiza. Kwa nini umkaribishe mgeni atafute kitu ambacho tayari unacho ndani?

Wa tatu ni fundi mwenyewe: "Windows 11 inajua kila kitu, inajitafutia draiva." Inajitafutia, sawa, ikishapata intaneti. Na kuna laptopu mpya, hasa za Intel kuanzia kizazi cha 11, ambapo unaanza kuweka Windows na inakwambia haioni diski kabisa. Watu wanakimbia kununua SSD mpya. Mara nyingi diski ni nzima, kinachokosekana ni draiva ya Intel inayoisimamia. Ukiwa na folda yako kwenye flashi, unabonyeza Load driver, unaionyesha, na diski inajitokeza. Hapo ndipo utajua flashi ya draiva ina thamani gani.

Lakini sitaki nikuuzie mbuzi kwenye gunia. Draiva za Windows ya biti 64 hazitaingia kwenye ya biti 32. Za Windows 10 mara nyingi zinakubali Windows 11, ila si zote. Kama sauti ilikuwa inakatika-katika kwa sababu draiva yenyewe ni mbovu, utaibeba na ubovu wake. Na anayehamia Linux, hizi hazimsaidii kitu, kule draiva nyingi zimo ndani ya mfumo wenyewe. Huyo afanye hivi: awashe Linux kutoka kwenye flashi bila kuiweka, aone kama Wi-Fi na sauti zinafanya kazi, ndipo aamue kufuta.

Na kama Windows imekufa kabisa haiwaki, bado usikate tamaa. Hiyo Linux ya kwenye flashi inaweza kukufungulia diski ukanakili folda inayoitwa FileRepository. Iko ndani ya Windows, System32, DriverStore. Ni kubwa na imechanganyika na mengine, lakini wakalimani wako wamo humo. Diski ikiwa imefungwa na BitLocker utahitaji ufunguo wake, kwa hivyo huo nao uutafute mapema.

Kwa mafundi, na ninao marafiki wengi humo, hii si vita. Hiyo folda mnaweza kuifanya sehemu ya huduma na kuilipisha. Mteja atalipa kidogo zaidi akijua hatarudi kesho na kilio. Na folda msibaki nayo, mpeni. Ni ya mashine yake.

Na wewe mwenye laptopu, siku ukifika pale kaunta, usiseme "niwekee Windows" halafu uende kunywa chai. Sema hivi: "Fundi, toa draiva kwanza uziweke kwenye hii flashi yangu, halafu kabla sijalipa tuwashe Wi-Fi, tucheze wimbo mmoja, tufungue na kamera." Akikuangalia vibaya, mwambie polepole kwamba unakaa mbali na bando ni ghali. Kisha kaa hapo hapo hadi wimbo usikike.