Mdomo Umeshonwa, Kazi Bado

Akina mama wengi wa hapa Ilemba wanajua sasa kwamba mdomo sungura hushonwa. Tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini sisi wauguzi, tunaotembelea nyumba pamoja na kikundi cha wanawake kanisani, tunakutana na watoto wa darasa la tatu walioshonwa wakiwa wachanga, na bado pua imelala upande mmoja. Wengine wakinywa maji hutokea puani. Mama hutuuliza, "Dada nesi, si walishamaliza?"

Hapana, mama. Mshono hufunga nyama. Nyuma yake, ufizi wa juu huweza kubaki na pengo la mfupa. Upande ule wa pua unakosa egemeo, kama nyumba isiyo na msingi kwenye pembe moja. Jino la chonge nalo linakosa mahali pa kushukia.

Tiba yake ni kupandikiza mfupa. Daktari huchota mfupa laini wa ndani ya nyonga ya mtoto mwenyewe, huujaza katika pengo, kisha hufunika kwa ufizi. Mfupa ukishika, pua huinuka kidogo, tundu huzibwa na chonge hupata njia. Wakati mzuri ni kati ya miaka 8 na 11, chonge likiwa bado halijatoka. Baadaye bado inawezekana, ila matokeo hupungua.

Tunaijua hofu yenu. "Akikatwa nyonga ataweza kulima kweli?" mama mmoja alituuliza. Ataweza. Atachechemea siku kadhaa, kisha atakimbia na wenzake. Kinywa ndicho hutaka subira: uji, maziwa na mchuzi kwa wiki kadhaa, na kusukutua kwa maji ya chumvi kila baada ya kula. Meno yaliyooza yatibiwe kwanza, kwani maambukizi huharibu mfupa uliopandikizwa.

Safari ni ndefu. Anzeni hospitali ya mkoa Sumbawanga, mpate barua ya rufaa. Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, imewapasua bure watoto wengi wa midomo sungura, na shirika la Smile Train, lililoanzishwa mwaka 1999, limesaidia gharama. Lakini si kila anayeshona mdomo hupandikiza mfupa. Ulizeni kabla ya kupanda basi: wanaifanya kazi hiyo? Nani atalipa?

Na ndugu wakisema mama alimcheka mlemavu ndiyo maana akazaa hivyo, msiwasikilize. Mdomo huungana katika wiki za mwanzo za mimba, na huyu haukuungana. Yesu naye, katika Yohana sura ya 9, alikataa kumlaumu kipofu au wazazi wake.

Mama mwenye mtoto wa miaka 7 aliyeshonwa, mwite leo penye mwanga. Inua mdomo wa juu, tazama ufizi. Ukiona pengo, mwambie baba watoto, mwanze kuweka nauli.