Sumu Niliyoitega Mwenyewe

Majira ya baridi yaliyopita panya waliingia jikoni mwetu hapa Leicester. Nikawatilia sumu nyuma ya jiko, nikiamini paka wetu Pamba hataifikia. Kweli hakuifikia, alimla panya aliyeila. Siku ya nne tulimkuta amejikunyata chini ya kitanda, fizi zimepauka, akihema kwa shida. Binti yangu aliuliza ni nani aliyempa sumu. Nilinyamaza.

Daktari wa mifugo alitueleza kwamba sumu ya aina hiyo huizuia vitamini K isifanye kazi, damu ikashindwa kuganda, na mnyama akavuja damu ndani kwa ndani. Dalili huchelewa siku kadhaa, ndiyo maana wengi hudanganyika. Pamba aliongezwa damu, kisha tukampa vitamini K1 kwa majuma 4. Saa 48 baada ya dozi ya mwisho damu yake ilipimwa tena, ikaonekana inaganda.

Siku hiyo ndipo nilipomjibu binti yangu swali lake.

Wenzangu wenye paka, zibeni matundu na mtumie mitego. Mkishuku sumu, msingoje dalili: chukueni pakiti yake, mwende kwa daktari mara moja.