Shayiri: Chungu cha Baada ya Wageni Kuondoka



Ama baada ya kumshukuru Allah (S.W.) na kumsalia Mtume wetu (S.A.W.), ndugu wasomaji, leo tuizungumzie nafaka ambayo kila mwanafunzi wa madrasa huitaja anapohesabu vyakula vya Zakatul-fitr, lakini wachache wameionja: shayiri.

Hiki kilikuwa chakula cha kawaida katika nyumba ya Mtume (S.A.W.). Alipofariki, deraa yake ya vita ilikuwa imewekwa rehani kwa pishi 30 za shayiri alizowachukulia watu wa nyumbani kwake.

Lakini ninachopenda zaidi kuwasomesha wanafunzi wangu ni habari ya talbina, yaani uji mwepesi wa unga wa shayiri. Imo katika Sahih al-Bukhari kwamba akifariki mtu katika jamaa za Bi Aisha (R.A.), wanawake walikusanyika, kisha wakatawanyika. Wakibaki wafiwa na watu wao wa karibu tu, ndipo alipoamuru chungu cha talbina kipikwe. Aliwaambia wale, kwani alimsikia Mtume (S.A.W.) akieleza kuwa talbina humtuliza mgonjwa moyo na kumpunguzia mtu huzuni.

Tazameni wakati wake: ni baada ya watu kuondoka.

Hapa kwetu Mbale, Uganda, msiba ukitokea masufuria hujaa uani. Mama yangu alipofariki mwaka 2016, tulipata watu wengi, Alhamdulillah. Siku ya nne turubai likashushwa, viti vikarudishwa, na baba akabaki sebuleni na sahani ya wali asiyoigusa. Jirani yetu, mama mtu mzima, akaleta sufuria ndogo ya shayiri iliyopikwa kwa maziwa. Hakutoa mawaidha, alimimina tu. Baba akanywa vikombe viwili, kisha akaanza kutusimulia habari za mama. Tangu hapo kopo la shayiri halikosekani stoo kwetu.

Wala haitoki mbali. Hulimwa Kapchorwa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ingawa nyingi huishia kwa watengeneza bia. Basi kila kilo inayoingia jikoni mwetu imepata njia iliyo bora.

Mapishi yake ni mepesi. Chukua kikombe 1 cha shayiri iliyokobolewa, ioshe, tia vikombe 4 vya maji, uiache moto mdogo kwa dakika 40 hivi. Itavimba karibu mara tatu. Ikiiva ongeza maziwa, na asali au tende. Inayobaki, tia katika supu ya maharage. Enyi wanafunzi mnaojipikia, kikombe kimoja huwashibisha watu watatu au wanne.

Tahadhari moja: wapo wanaouza unga wa shayiri kama dawa ya kisukari na kila maradhi. Tulichofundishwa hapa ni faraja. Anayetumia dawa za daktari asiziache. Na aliyekatazwa ngano na daktari kwa maradhi ya tumbo, na shayiri pia haimfai.

Ndugu zangu, siku ya mazishi sote tunakwenda. Siku ya nne nani anakwenda? Wekeni shayiri stoo, na siku hiyo mchukue sufuria ndogo mbishe hodi.

Allah awarehemu maiti wetu na awape subira waliobaki. Aamin.