Mabawabu wa Tarakilishi

Kila niingiapo katika kundi la wapenzi wa tarakilishi, mimi hutahiniwa kwanza: nitaje lugha za kuandikia programu, nieleze kumbukumbu ya mashine. Wanaume huketi bila kuulizwa. Binti niliyefuatana naye alitahiniwa mara mbili. Ya tatu hakuja.

Ni kinaya, kwani mwaka 1843 Ada Lovelace wa Uingereza alichapisha hatua za kukokotolea hesabu kwa mashine ya Charles Babbage, ambayo haikuwa imeundwa bado. Huko Marekani, wanawake sita waliiandalia ENIAC programu. Ilipozinduliwa mwaka 1946, sifa ziliwaendea wahandisi wanaume.

Ndugu msomaji, kuulizwa si aibu. Kila taaluma ina mtihani wake. Ila mtihani wa jinsia moja si mtihani, ni kufuli. Na kufuli hilo limetiwa kwenye nyumba ambayo wanawake walishiriki kuijenga.