Mtoto wa Meza ya Biliadi

Efren Reyes wa Ufilipino alizaliwa mwaka 1954. Utotoni alipelekwa Manila, kwa jamaa yake mwenye nyumba ya mchezo wa biliadi. Mchana aliwatumikia wachezaji. Usiku alilala juu ya meza. Kwa kuwa alikuwa mfupi, alipanda juu ya makasha ya soda apate kucheza. Akajifunza kuinama na kulenga kwa jicho tulivu. Akatambua ya kuwa tufe jeupe, likipigwa chini ya kitovu chake, hugonga jingine kisha hurudi nyuma. Likipigwa juu, hulifuata. Akayarudia hayo pasipo kuchoka. Mwaka 1999, mjini Cardiff, akawa bingwa wa dunia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.